Namba Niliyoiandika Bila Kupima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi hizi kichwani, naona haya. Haikuwa siku ya balaa. Balaa lilikuja baadaye. Ilikuwa siku nzuri, pengine nzuri kuliko zote za ujana wangu, na ndiyo maana nataka nikusimulie bila haraka. Kosa langu kubwa sikulifanya nikiwa na hasira wala nikiwa na dhiki. Nililifanya nikiwa na furaha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimezaliwa mtaa wa Barani, hapa hapa Malindi, na nilikuwa nimetoka kusomea ufundi wa umeme Mombasa. Nikapata kazi katika kampuni ndogo iliyokuwa ikitunza minara ya redio, kuanzia Kilifi hadi ng'ambo ya Mto Sabaki. Minara ilikuwa ya vituo vya redio. Sisi tulikuwa watu wa kuihudumia: kubadilisha taa, kupaka rangi, kukaza nyaya, na kuangalia kinga ya radi.

Hiyo kinga ya radi ndiyo niliyopewa mimi. Nitakueleza kwa maneno mepesi, maana bila kuielewa hutaielewa hadithi yenyewe. Mnara ni mrefu, na radi hupenda kitu kirefu. Huwezi kuizuia isipige. Unachoweza ni kuitengenezea njia. Juu kabisa unaweka chuma chenye ncha, kutoka pale unashusha mkanda wa shaba hadi chini, na chini mkanda ule unazama ardhini na kuungana na nondo za shaba zilizopigiliwa ndani sana. Ua wa waya na nyumba ya mtambo navyo huunganishwa hapo hapo. Radi ikipiga, inashuka, inaingia ardhini, inakwisha. Njia ikikatika mahali, radi itajitafutia nyingine, na haichagui kama ni chuma au ni mtu.

Kwa hiyo kila miezi sita ilibidi mtu aende kwa kila mnara, afukue mahali mkanda unapozama, asugue kwa brashi ya waya vibanio vinavyoushika, avikaze, kisha apime. Kipimo chenyewe ni mashine ndogo, ukubwa wa sanduku la viatu. Unapigilia vigingi viwili vya chuma mbali na mnara, unaunga nyaya, unabonyeza, unasoma namba. Namba ikiwa ndogo, ardhi inapokea. Ikiwa kubwa, ardhi inakataa. Namba ile unaiandika kwenye fomu, unatia sahihi, na mkubwa wako anatia yake chini.

Ni kazi ya kuchafuka, mwanangu. Bofa, kwa vile bahari iko karibu, chumvi hula vibanio mpaka ukivigusa vinabomoka kama biskuti. Dabaso ni tope la mikoko, unapima huku viatu vimebaki nyuma. Na huko bara, nyuma ya Kakuyuni, ni mawe matupu, kigingi unakipiga nyundo mpaka mkono unakufa ganzi. Wakati wenzangu wanapanda juu, na watu wa kijiji wamesimama wanawatazama na kuwahesabia ngazi, mimi nilikuwa nimepiga magoti nachimba kama ninayepanda mihogo. Hakuna aliyesimama kunitazama mimi.

Hilo liliniuma. Wakati ule nisingekubali kulisema, lakini liliniuma sana. Niliona nimepewa kazi ya chini kwa kuwa mimi ni mwanamke, na pengine ilikuwa hivyo kweli. Nilitamani kupanda.

Mkubwa wangu aliitwa Fundi Abdalla, mtu wa mji wa kale wa Malindi, mpole, mwenye ndevu chache zilizoanza kuwa nyeupe. Nilimwita Ami, yaani baba mdogo, kwa kuwa ndivyo wote tulivyomwita. Aliwahi kuniambia kwamba kazi yangu ndiyo aliyoanza nayo yeye, na kwamba hakuna siku aliyoichoka. Nilidhani ananiliwaza.

Basi siku hiyo ninayokusimulia, jua la kaskazi likiwa kali na mvua za masika bado majuma kadhaa, tulitumwa Kakuyuni, mimi na mpanda minara mmoja aitwaye Mutua. Mutua alitoka Machakos, kijana wa kanisani, mcheshi, mwenye nguvu. Kulikuwa na taa nyekundu ya kileleni iliyokuwa imezimika. Sheria ilikuwa watu wasipande pungufu ya wawili, na mwenzake Mutua alikuwa mgonjwa siku hiyo. Ami Abdalla naye alikuwa Kilifi. Mutua akasimama akautazama mnara, akanitazama mimi, akasema kwamba mkanda wa usalama wa mwenzake umo ndani ya pikapu, nami nimejifunza chuoni namna ya kuuvaa, kwa nini tusipande pamoja tukamaliza.

Sikumwacha arudie.

Sitakueleza mengi ya kule juu. Nitakwambia tu kwamba niliogopa kutazama chini hadi katikati, kisha nikazoea. Nilipofika kileleni niliona bahari ikiwa mstari, niliuona Mto Sabaki na maji yake ya kahawia, na mabati ya Malindi yakimeremeta. Upepo ulikuwa ukivuma kwa namna ambayo chini huijui. Mutua alibadilisha taa, mimi nikimshikia vyombo, na kazi ikaisha mapema kuliko nilivyotaka. Nikamwomba tukae kidogo. Tukakaa. Tukazungumza habari za makwetu, tukacheka, na jua likazidi kushuka.

Tulipoteremka kulikuwa na watu wanne watano wa kijiji wametusubiri. Mama mmoja akanipigia kigelegele. Mwanangu, nilijiona nimeufikia ulimwengu.

Mnara ule ulikuwa na mlinzi, jina lake Karisa, Mgiriama wa makamo kutoka upande wa Vitengeni. Alikuwa na miezi kumi tu pale. Kabla yake pahali hapo hapakuwa na mlinzi yeyote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitusaidia kufungasha vyombo, kisha akaona mashine yangu ya kupimia bado imo sandukuni mwake na jembe halina mchanga. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Leo huchimbi, binti yangu?"

Nikamjibu kwamba si lazima kila mara. Nilikuwa nimeangalia kibanio kilicho juu ya ardhi, kilikuwa kimekaza na shaba inang'aa, na hilo lilinitosha.

"Yule wa kabla yako naye alitazama tu," akasema.

Yule wa kabla yangu alikuwa fundi aliyeacha kazi na kwenda zake, nami nilirithi minara yake ya bara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza pale Kakuyuni. Ningekuwa na masikio siku hiyo, maneno yale ya Karisa yangenitosha. Lakini niliyasikia kama mtu anayenilaumu, nikapanda pikapu.

Njiani nikaitoa fomu. Nikatazama ya kipimo kilichopita: nane. Nikaandika nane. Halafu nikafikiri kwamba namba ile ile itaonekana nimeinakili, basi nikaongeza nukta mbili. Nane nukta mbili. Nikatia sahihi juu ya goti langu, gari likirukaruka. Mutua aliniona. Hakusema kitu, na mimi sikumtazama.

Nataka uielewe hiyo nukta mbili. Mtu akisahau kupima, amesahau. Mtu akichoka, amechoka. Lakini mimi nilikaa nikaifikiria. Ile nukta mbili haikutoka kwa uvivu. Ilitoka kwa ujanja, na ndiyo inayoniudhi hadi leo kuliko vyote vilivyobaki.

Yakapita majuma sita. Masika yakaingia kwa fujo, kama yanavyoingia mwaka ambao yamechelewa. Siku moja baada ya adhuhuri, mkewe Karisa, Sidi, alikuwa amempelekea mumewe chakula, kama alivyofanya kila siku. Mvua ilikuwa bado haijaanza, mawingu tu yamekaa chini. Karisa alimsindikiza hadi langoni, akasimama kulifunga. Mkono wake ulikuwa kwenye lango la chuma radi ilipopiga mnara.

Sidi alikuwa amekwenda hatua ishirini hivi. Alisema baadaye kwamba hakusikia mlio, aliona weupe tu, na alipogeuka mumewe alikuwa amelala mbali na lango, kiatu kimoja kimemtoka. Alidhani amekufa. Majirani walikuja wakambeba hadi barabarani, akapelekwa hospitali Malindi. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia uliungua kiganja chote, na sikio la upande ule halikusikia tena.

Mtambo nao uliungua. Redio ile ikanyamaza siku tisa, katikati ya masika, watu wa bondeni wakiwa wanategemea kusikia habari za mto.

Asubuhi ya pili tulikwenda: meneja wetu, Ami Abdalla, Mutua na mimi. Usiku wote sikulala. Nilijiambia kwamba radi ni radi, kazi ya Mungu, na pengine kila kitu kilikuwa sawa chini ya ardhi. Ami akachukua jembe mwenyewe. Akafukua pale mkanda ulipozama. Urefu wa mkono mmoja tu chini, mkanda ukaisha. Umekatwa. Kutoka pale hadi kwenye nondo, shaba yote ilikuwa imechukuliwa, na udongo umerudishwa juu vizuri kabisa. Kile kibanio kinachong'aa nilichokiona kilikuwa kimeshika mkanda usiokwenda popote.

Meneja akafungua faili. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, anayependa mambo yaandikwe. Akasoma fomu yangu kwa sauti. Majuma sita yaliyopita, kinga ilipimwa, namba nane nukta mbili, nzuri. Basi, akasema, shaba imeibwa ndani ya majuma haya sita. Na ndani ya majuma haya sita mlinzi alikuwepo usiku na mchana. Ama alilala, ama aliiuza yeye. Akasema atakapotoka hospitali atakabidhiwa polisi.

Sidi alikuwa amesimama kando ya ua. Alikuja kuchukua vitu vya mumewe. Aliyasikia yote. Akasogea mbele, akamsalimu meneja kwa heshima, kisha akasema:

"Mume wangu aliniambia hawakuchimba siku ile. Alisema walipanda juu wakashuka wakaenda."

Meneja akamwonyesha karatasi. Sidi hakujua kusoma. Akaitazama ile karatasi, kisha wote wakanigeukia mimi.

"Nilipima," nikasema.

Neno moja, mwanangu. Mutua alikuwa ameinamisha kichwa. Sidi alinitazama kidogo, akachukua kikapu na blanketi la mumewe, akaondoka bila kuaga.

Meneja na Mutua wakaenda kuangalia mtambo. Ami Abdalla alibaki ndani ya shimo, amechuchumaa, anapangusa udongo kwa vidole. Akaniita nishuke. Shimo lilikuwa finyu, magoti yetu yalikaribia kugusana. Akanionyesha ncha ya mkanda ulipokatwa. Shaba iliyokatwa karibuni huwa nyekundu, inang'aa. Hii ilikuwa kijani tupu. Halafu akanionyesha upande wa pili, pale mkanda ulipokuwa umelala zamani. Katikati ya ile njia ya shaba ulikuwa umepita mzizi wa mkorosho uliokuwa karibu na ua, mnene kama kidole gumba changu, na mwingine mdogo umejisokota juu yake.

Akasema ule ukijani mtu anaweza kubishana nao, hewa ya chumvi hufanya mambo. Lakini mzizi ule hauwezi kukua majuma sita. Shaba iliondoka zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kabla Karisa hajakanyaga pale.

Kisha akanitazama. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Riziki, kama ulipima ukapata nane, basi ardhi hii imekudanganya wewe. Kama hukupima, wewe umemdanganya Karisa. Niambie ni lipi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na ile nukta mbili. Nilisubiri anikaripie, hata nilitamani anikaripie. Hakunikaripia. Alikaa akiupapasa ule mzizi, akasema kwamba yeye atamweleza meneja alichokiona shimoni. Lakini mzizi hautii sahihi, na katika ofisi kitakachosomwa ni karatasi. Mimi ndiye niliyeiandika, na hakuna mwingine awezaye kuifuta.

"Na usidhani uko peke yako," akaniambia. "Fomu ya kabla yako ina nane. Ya kabla ya hiyo, nane. Mnara uliosimama kwenye mawe, ardhi ikiwa kavu au mbichi, nane. Mimi nilizitia sahihi zote mbili, na yako ya tatu, wala sikujiuliza. Nitakwenda na langu. Wewe uende na lako."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikuwa nimenakili kipimo. Nilikuwa nimemnakili mtu aliyenakili.

Nilimwomba Ami ruhusa nipite hospitali kwanza, kabla ya kwenda ofisini. Akanitazama kana kwamba anapima kama nataka kukimbia, kisha akakubali.

Karisa alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Nikadhani ni hasira. Kumbe nilikuwa upande wa sikio lililokufa. Nikazunguka, nikamwamkia tena, akaitika marahaba, akanikaribisha kwenye kiti. Sidi alikuwapo. Alisimama akatoka nje.

Nilipokaa tu, akaanza yeye. Alisema mkewe amemweleza habari za karatasi. Akasema tangu asubuhi amekuwa akifikiri.

"Nimejiuliza labda mlipima mimi sikuona," akasema. "Labda nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Karatasi si huandikwa na waliosoma?"

Mwanangu, nimefiwa na baba na mama, nimeuguza watoto, nimepitia mengi. Lakini sijapata kusikia maneno yaliyonikata kama yale. Mtu aliona kwa macho yake mwenyewe, na uongo wangu ukamfanya ayatilie shaka macho yake. Mkono ulioungua nilikuwa nimejitayarisha kuuona. Hili sikuwa nimejitayarisha nalo.

Nikamwambia kwamba aliona sawasawa. Sikupima. Sikuchimba. Aliniuliza na nikampuuza.

Nje watu walikuwa wakipita na vyombo vya chai. Hatimaye akaniuliza kama meneja anajua. Nikasema bado.

"Basi usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Kamwambie yeye."

Nikaenda. Nilitembea kwa miguu kutoka hospitali hadi ofisini, jua limetoka baada ya mvua na njia imejaa madimbwi, na katika kila kona nilitafuta maneno ambayo yangenifanya nionekane afadhali kidogo. Sikuyapata. Nilipoingia, Ami alikuwa ameshafika na ameshasema yake. Nikasema yangu nimesimama. Meneja aliisukuma fomu mbele yangu, akanipa kalamu. Nikaandika juu ya ile namba, kwa mkono ule ule, kwamba kipimo hakikufanywa, nikatia sahihi na tarehe. Mutua naye, bila kuulizwa, akasema kwamba aliniona nikiandika garini na akanyamaza, na kwamba yeye ndiye aliyenipandisha.

Sitakudanganya kwamba tulisifiwa kwa ukweli wetu. Meneja alikasirika, na alikuwa na haki. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu. Ami aliandikiwa barua ya onyo, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kupata hata moja. Mutua alikatazwa kupanda mpaka mwaka uishe, nikajua hilo lilimuuma kuliko barua. Lakini habari ya polisi iliisha siku ile ile, na Karisa alitumiwa ujumbe hospitali kwamba kazi yake ipo na matibabu yake yatagharamiwa.

Baada ya hapo minara yote ilipimwa upya. Ami aliifanya mwenyewe kwa kuwa mimi sikuwepo. Ule wa Dabaso ulikuwa mzima kabisa. Wa Bofa vibanio viwili vilikuwa vimeliwa na kubaki unga wa kijani. Na mwingine, ambao sitautaja, ulikuwa umekatwa kama wa Kakuyuni, na chini yake kulikuwa na nyumba ya familia ya mlinzi, iliyoegemezwa kwenye ua. Ami alinieleza hilo siku niliporudi kazini.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kurudi ilikuwa kuchimba mtaro mpya Kakuyuni. Nilichimba kwa sururu siku sita katika mawe yale. Ami alikuja kila siku asubuhi, akikaa kwenye ukingo na kunifundisha mambo ambayo vitabuni sikuyaona. Alinifundisha kuuvuta mkanda kwa mikono miwili kabla ya kuuamini, maana uliokatwa huja mkononi. Alinifundisha kutazama udongo: ukiona pahali majani yameota tofauti, hapo pamechimbwa. Na alinifundisha kuongea na mlinzi kwanza, kabla ya kufungua sanduku la vyombo, kwa kuwa yeye analala pale nami napita tu.

Karisa alikuwa amerudi langoni. Mkono ulipona lakini vidole viwili havikukunjika tena. Siku ya kupima alikuja akasimama karibu, upande wa sikio lake zima, nami nikamweleza kila ninachokifanya, sio kwa kuwa aliniuliza. Namba ilitoka kumi na nne. Mbaya. Tukaongeza nondo mbili na udongo wa makaa ili ardhi ipokee, tukamwagia maji, tukapima tena kesho yake. Sita. Nikaiandika sita, nikampa Karisa fomu aitazame, akaitazama kwa makini kama mtu anayesoma, akanirudishia.

Sidi hakunisamehe haraka. Aliniletea maji ya kunywa siku zote sita, kwa kuwa ni mtu muungwana, lakini aliyaweka chini akaondoka. Miaka ilipita kabla hajakaa nami. Sikumlaumu, wala sikumharakisha. Msamaha si kitu cha kudai, na wapo watu ambao hadi leo nawasalimia kwa mbali, na ndivyo ilivyo.

Masika ya mwaka uliofuata radi iliupiga mnara ule tena, mchana, mvua ikinyesha. Karisa alinipigia simu ofisini kutoka dukani. Alisema imepiga, ameiona ikishuka, redio haikukatika hata neno moja, na yeye anakwenda kula. Kisha akakata. Hakuna gazeti lililoandika, hakuna mtu wa Malindi aliyejua. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia kama mtoto, na wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Nilidumu katika kazi ile ya chini mpaka nilipostaafu. Kupanda nilipanda mara nyingi baadaye, kwa kibali, na bado napenda kule juu. Sijifanyi kwamba sipendi.

Sasa nikuusie, mwanangu, nawe unaanza kazi yako, iwe ya minara, iwe ya duka, iwe ya kuandika majina ya wagonjwa kwenye daftari. Usiandike usichokiona. Ukikosa kupima, andika hukupima. Utaaibika siku moja, utatumwa urudi, na yatakwisha. Lakini ukiandika namba ya uongo, hiyo itabaki pale imelala kwenye faili, na siku ikiamka haitauliza ni nani aliyeizaa. Itamshika aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni yule asiyejua kusoma, ambaye neno lake halina mhuri.

Msikilize mtu anayelala mahali pa kazi, hata kama hajasoma ulichosoma wewe. Akikuuliza swali, usifikiri anakulaumu. Furaha nayo uiangalie. Watu watakuonya juu ya hasira, juu ya tamaa, juu ya wivu. Mimi nakuonya juu ya siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri na watu wanakushangilia, kwa sababu siku hiyo ndiyo utakayoiona kazi yako ndogo kuwa haina maana. Na ukishakosea, nenda ukaseme kwa yule mwenye uwezo wa kulitengua kosa, hata kama ni rahisi zaidi kwenda kulia mbele ya uliyemkosea. Nenda mapema. Mimi nilichelewa majuma sita na neno moja, na kuchelewa huko kumemgharimu mtu sikio.

Mola akupe mikono isiyochoka kufukua, na jicho lisiloridhika na kinachong'aa juu. Akupe mkubwa wa kukuuliza kwa upole, na moyo wa kumjibu ukweli kabla hajauliza mara ya pili. Sahihi yako popote utakapoitia iwe amani kwa watu usiowajua. Na utakapozeeka kama mimi, ukae mbele ya watoto wako usiwe na jambo la kuwaficha. Amina, mwanangu. Amina.